Nilivyosimama Kumsemea

Mtu akinitukana nitamjibu na yataisha. Akinikana mbele za watu, hilo sisahau, kichwa changu ni kigumu.

Jirani yangu alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwangu, mbele ya duka langu la vifungo na zipu, Kariakoo. Alikimbia vita kwao akaacha watoto wawili kwa mama yake, akijipanga kuja kuwachukua. Nilimtania kwamba Kiswahili chake kinahitaji pasi, naye alinijibu kwamba sisi wa Moshi tunadai chenji hata kwenye sadaka. Tulipendana.

Habari zilipofika alikuwa anapinda gauni la mteja. Ndege ilidondosha bomu lile linalofunguka angani na kumwaga vibomu vidogo, kama mtu anayemwaga mtama. Viliwaangukia watu waliopanga foleni kwenye mashine ya kusaga, mwanawe mkubwa akiwemo. Vingine havikulipuka, vikabaki vimetapakaa pale, na hakuna aliyethubutu kwenda kumchukua akazikwe. Aliniambia ndege ilikuwa ya serikali yao wenyewe, maana waasi hawana ndege.

Msiba tuliuweka uani kwake, mtaa wa Gerezani. Kwetu waliokuja kuomboleza lazima waelezwe marehemu alikufaje, na mwenye kueleza ni ndugu. Yeye hapa hakuwa na ndugu, akaniomba nisimame mimi. Tulipanga maneno pamoja, akasisitiza nitaje ndege ni ya nani. Nilisimama nikasema yote.

Mzee anayewaongoza watu wa kwao hapa mjini aliinuka taratibu. Alisema kwa upole kwamba waliofanya unyama ule ni waasi, kisha akamtazama mfiwa.

"Jirani yangu hakunielewa," alisema fundi. "Kiswahili changu kibovu."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Watu wa mtaani walinitazama kama mchonganishi aliyeleta siasa msibani, na hakuna aliyesogea kunipisha nikae. Niliondoka kabla ya chakula.

Matanga yalipoisha alirudi kushona barazani. Sikumsalimia. Sikumfukuza pia, nilimpita tu kama mgeni. Asubuhi moja aliingia dukani akasimama mbele ya kaunta.

"Nilijua nitakukana, dada," alisema. "Tangu tulipokuwa tunapanga maneno. Mama na mwanangu mdogo bado wako kule, chini ya ndege zile zile, na yasemwayo mbele ya mzee yule hufika kule. Wewe huna mtu kule. Nilitaka lisemwe, hata mara moja."

Nilimwambia atoke, akatoka. Nilikuwa nimemwelewa, na kwa ajili ya mtoto yule aliyebaki hata mimi ningekana. Lakini angeniambia kabla, ningesimama vile vile, nikasema vile vile, na aibu ile ningeibeba kwa hiari. Alinifanya ndugu yake mbele ya watu wote, halafu hakuniamini.