Mahali Maji Hukawia Kukauka

Baba yetu alikuwa hachongi jiwe kavu. Kwanza analimwagia maji, analiweka kivulini, halafu anakaa. Mimi na ndugu yangu anayenifuata tulidhani anapumzika, kumbe anangoja. Jiwe la kwetu upande wa Tabaka ni laini, hata panga linalikata, na likilowa linakuwa jeusi lote. Likianza kukauka weupe unarudi polepole, ila kama lina ufa, ule ufa unabaki na maji. Unaona mstari umelala pale kama unywele. Baba akiuona anaitikia kwa kichwa. Analibeba jiwe hadi kwenye migomba nyuma ya nyumba na kulitupa, hata liwe kubwa la kutoa sanamu ya kiboko mzima. Ijumaa jioni hamwagi maji kabisa, maana jiwe lingekauka ndani ya Sabato, siku ya kutogusa kazi, na angetamani kulitazama. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Shule mimi niliiacha mapema, sina la kujisifu. Lakini hilo la maji nililijua, na ndugu yangu alilijua kunishinda. Tukazeeka tukichonga pamoja, na hapo ndipo mikono yake ilianza kukua.

Mwanzo tulicheka. Kisu kikawa kinapotelea ndani ya kiganja chake. Pete ya ndoa ikakatwa kwa msumeno. Taya likasogea mbele, sauti ikashuka kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Tulienda Ogembo siku ya soko kumtafutia viatu, muuzaji akamtazama miguu akasema, "Mzee, hii ulizaliwa nayo ama uliazima?"

"Niliazima," ndugu yangu akamwambia, "na mwenyewe hataki kuichukua. Leta viatu."

Kilichotumaliza kicheko ni macho. Akawa haoni pembeni. Anajigonga kwenye mlango wake mwenyewe, anamkanyaga kuku aliye kando yake. Siku moja alichonga jiwe lililokuwa na ufa ukingoni, hakuuona, likapasuka mikononi mwake. Alikaa akivishika vile vipande viwili mpaka mke wake akamwita kula mara ya tatu. Watu wakaanza kunong'ona mambo ya uchawi, na sitaficha, nusu niliamini.

Hospitalini mjini Kisii walimpiga picha ya kichwa, wakatutuma Nairobi. Kule daktari, mama mmoja mpole, akatueleza kwamba chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya maharagwe. Yake imeota uvimbe. Uvimbe huo ndio unaokuza mikono, na sasa unakandamiza mishipa ya macho. Wasipoutoa atakuwa kipofu.

"Mtapitia wapi?" ndugu yangu akauliza.

"Puani, mzee."

"Basi mtapita vizuri. Hata yenyewe imekua."

Daktari akacheka, halafu akaeleza habari ya dawa ya rangi. Wangemdunga mkononi siku moja kabla ya upasuaji, izunguke na damu mwili mzima. Kesho yake nyama yenye afya inakuwa imeiachilia, lakini uvimbe unabaki nayo. Wakimulika kwa taa yao, uvimbe unang'aa. Jicho tupu haliuoni mng'ao huo, ni kamera tu, na ndio unaowaonyesha wakate wapi na waache wapi.

Ndugu yangu akanigeukia. "Ni maji ya baba," akasema kwa Kikisii. Alifurahi kama mtoto. Nami nilifurahi, nikijua mtu hawezi kuogopa jambo analolielewa.

Walipomaliza, pua yake ikiwa imejazwa pamba, daktari alikuja akasimama miguuni pa kitanda. Macho yamepona, akasema, ataona tena pembeni. Ila kimebaki kipande kidogo, kimekumbatia mshipa mkubwa wa damu. Wangekigusa angekufa palepale. Atakuja kwa sindano kila mwezi zikitulize, na ikibidi wakipige mionzi. Wengi wanaishi hivyo mpaka uzee.

"Lakini mlikiona?" ndugu yangu akauliza.

"Tulikiona."

"Kiking'aa?"

"Kiking'aa, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Nilimjua. Baba alikuwa akiitikia hivyo kabla ya kuinama kulibeba jiwe.

Nyumbani aliona vizuri, hata unywele wa mtoto sakafuni. Lakini kisu hakukishika tena. Nilimwagia mawe maji nikamwita atazame, akapita. Mke wake akamwambia sindano itamsaidia. Akamjibu kwamba jiwe lenye ufa hata ukilipaka mafuta lina ufa. Nikamwambia, wewe si jiwe. Akasema, "Ndiyo, jiwe halijui."

Mwezi ulipofika nilimsindikiza. Gari lilisimama Suneka kupakia watu, na mimi kadi yake ya kliniki niko nayo mfukoni. Akasema anashuka kujinyoosha, magoti yanamuuma. Akashuka. Nilimwona kupitia dirishani, mrefu kuliko wote, na vile viatu vyake vikubwa, akiwapita akina mama wa ndizi bila kuuliza bei. Nilidhani anaenda kukojoa. Akafika mahali barabara inapinda, akapinda nayo, hakutazama nyuma, na hajarudi mpaka leo.