Tope la Bukta

Beki yule Mmarekani huikunja bukta yake kama shati la kanisani kabla ya kumkabidhi Bi Refugio, mfuaji wa klabu yao ndogo huko Zacatecas. Tangu apone goti, bukta hiyo hurudi safi: anakimbia, anaruka, lakini kuteleza chini autwae mpira hathubutu, na minong'ono ya kumrudisha kwao imeanza. Leo mvuani mshambuliaji akamponyoka. Beki akajitupa miguu mbele, akaufagia mpira, akabaki chini. Akainuka, akalipapasa goti, akacheka peke yake.

"Samahani, mama, leo nimekuchafulia," akamwambia baadaye.

Bi Refugio akaikumbatia bukta, tope likaenea aproni nzima. "Niondolee samahani zako! Nilishachoka kufua nguo za padri."