Dresa Aliyekula Saa Saba Mchana

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya serikali pale Bukoba, Dresa Mkuu alinikabidhi neli ya kioo na taa ya spiriti. Sisi madresa tulikuwa wasaidizi wa daktari: tulisafisha vidonda, tulichoma sindano, tulipima mkojo.

"Chemsha mkojo pamoja na dawa hii ya buluu," alisema. "Rangi ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwa nyekundu kama tofali, mwite daktari."

Nilipima mikojo ya watu kwa miaka tisa kabla ya kupima wangu. Nilikuwa nimeshahamishiwa zahanati ya Izigo, nimenenepa, na kiu hainikatiki. Asubuhi moja nikajipima. Nyekundu. Nikamwaga, nikaosha neli, nikapima tena. Nyekundu.

Daktari wa Wilaya, Mwingereza asiyepoteza maneno, alipokuja kukagua nilimweleza mwenyewe.

"Insulini inakuja kwa meli, na haiwatoshi hata waliolazwa," alisema. "Punguza kula. Nitarudi baada ya miezi mitatu. Nikikuta hali ni hii hii, nitaandika kwamba hufai kazi."

Nilikuwa na watoto wanne. Tena nilijijua: kupunguza sahani sikuweza, ndizi zikiwa mbele yangu nilizimaliza. Lakini kutogusa chakula kabisa kwa saa nilizojipangia, hilo niliweza. Nikaamua kula kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo ni maji tu, mpaka kesho yake saa saba.

Wiki ya kwanza nilifunga bandeji huku nikihesabu saa. Njaa niliizoea, watu ndio walionishinda. Kwetu Uhayani, kukataa chakula cha mtu ni kumkataa mwenyewe. Mama mkwe alipotutembelea alinipikia ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage asubuhi, nikasukuma sahani. Machozi yakamtoka, akaniita kwa jina la heshima.

"Ta Kaijage, nimekukosea nini?"

Mke wangu Paulina ndiye aliyemjibu. "Mama, hajakukataa. Anataka kuishi. Tumfunikie, atakula saa saba."

Mzee wa kanisa naye akaniweka kando baada ya ibada. "Tunasikia unafunga. Umesilimu?"

"Hapana, mzee. Nafunga kwa sababu ya mkojo."

Daktari aliporudi alichemsha neli kwa mkono wake. Ikatoka kijani hafifu: sukari ilibaki kidogo tu.

"Unakula nini?"

"Kile kile, bwana, ila kwa muda wa saa nne tu kwa siku."

Aliosha neli, akanirudishia. "Endelea. Na ujipime kila wiki."

Kabla mwaka haujaisha, rangi ilibaki buluu. Nikavimba kichwa. Nilipohamishiwa Ngenge nilimhubiria kila aliyekuja zahanati. Mama mmoja anayenyonyesha akaniiga, maziwa yakamkauka, mtoto akaletwa kwangu akiwa mifupa mitupu. Yule mama hakunilaumu. Alisema tu, "Nilifuata maneno yako, dresa." Wiki tatu nilikwenda kwake kila siku kwa baiskeli na maziwa ya ng'ombe na uji, mpaka mtoto akaongezeka uzito. Tangu hapo sikumwambia mtu afunge kabla ya kumpima na kumuuliza kuhusu maisha yake.

Mimi mwenyewe sikuacha. Nilihudumu Ngenge, nikaenda Bumbire kwa wavuvi, nikamalizia Muleba, na hakuna daktari aliyewahi kuandika kwamba sifai. Vijana huniuliza kama kufunga ndiko kulikoniongezea umri. Sijui. Mungu ndiye ajuaye. Ninachojua ni kwamba katika miaka niliyopewa nilifanya kazi nikisimama kwa miguu yangu mwenyewe.

Siku ya kuniaga pale Muleba, wauguzi walipika tangu alfajiri. Saa nne asubuhi chakula kilikuwa tayari, na wageni wamejaa. Nikawasihi waanze kula bila mimi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wote, hata daktari, walikaa wakipiga soga mbele ya masufuria yaliyofunikwa, mpaka saa saba, saa yangu ya kula, ikafika.