Nilivyowafungia wenzangu vipimo vya bibi harusi

Dada Achan, shemeji, Aber, Opio na nyanya, hamjambo nyote huko nyumbani?

Leo nusura bibi harusi aende kanisani na gauni lisilo na mikono, na kosa ni langu!

Binti yangu Sunday alituwekea vipimo vya wateja kwenye simu zetu, sisi mafundi cherehani watatu hapa mtaani Hai Jalaba. Kila mteja ana faili yake. Ukiifungua wewe, wengine wanasubiri mpaka utoke, tusiharibiane kazi.

Sasa mimi na wasiwasi wangu, nikaiacha ya bibi harusi wazi kwangu ili mtu asiiguse. Nikaenda sokoni, simu ndani ya kikapu.

Narudi, cherehani kimya, mikono ya gauni haijashonwa kwa kukosa vipimo. Bibi harusi amepiga mara tano kutoka saluni, analia.

"Mama, umewafungia wote nje!"

"Nilikuwa nailinda, Sunday!"

"Umeilinda hata sindano isiiguse."

Jamani, tulicheka huku tunashona!

Sunday amebadilisha utaratibu. Sasa wote tunasoma pamoja, ila anayeandika ni mmoja tu.

Gauni lilifika na mikono yake, khalas, yakaisha.

Lakini nikiona mwenzangu anasoma, moyo bado unadunda. Nijibuni upesi, ni mimi peke yangu?