Siku Gitaa Lilipoingia kwa Nyanya

Juzi nilikuwa Machakos mjini nikitafuta nyuzi za gitaa langu. Dukani kijana mmoja alikuwa akijaribu gitaa jipya, vidole vinakimbia huku na huko, na watu wamesimama kumtazama. Mimi nilimvumilia tu. Kisha, nadhani kwa kupumzisha vidole, akaanza kupiga kila noti kwa nyuzi mbili, ya chini na ya juu kwa pamoja, polepole. Wenyewe huita oktavu. Nikasahau kilichonileta, mawazo yakanirudisha kijijini Kola, kwenye uwanja wa nyanya yangu, vumbi la mbaazi puani.

Mwaka ule wa utoto wangu, rafiki yangu, babu alikuwa ametuacha muda si mrefu. Wimbo wa sala ya jioni, ambao zamani waliuanza pamoja, nyanya sasa aliuanza peke yake, nasi wajukuu tukaufuata kwa visauti vyetu vyembamba. Mjomba, kitinda mimba wake, alikuwa mpiga solo, yaani gitaa la kuongoza, wa bendi ya pale sokoni. Gitaa lake lililala ghalani na mahindi, kwani nyanya aliliona chombo cha walevi. Mbaazi zilipoanza kukauka alimwambia waziwazi: "Hii mavuno ikiisha, uchague. Ama hiyo gitaa, ama hii boma."

Niliogopa sana. Mjomba ndiye aliyetuchekesha nyumba nzima, na baada ya babu sikutaka mtu mwingine aondoke.

Akajaribu kumbembeleza mamake kwa wimbo ule ule wa sala. Shida ni kwamba aliupiga kama anavyopiga benga, muziki wa dansi: kwa sauti nyembamba za juu kabisa, kwa mbio, madoido kila mahali. Nyanya akajifunika masikio kwa leso. "Umevalisha wimbo ya Mungu nguo ya disko," akasema, akarudi jikoni kwa muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa.

Jumapili iliyofuata mjomba hakuimba kanisani. Alisikiliza. Tukirudi akaniambia, "Umeskia? Wazee na wamama wanaimba kitu moja, lakini wazee wako chini, wamama wako juu."

Wiki nzima alijifungia ghalani akitafuta namna ya kushika sauti zote mbili. Kidole cha shahada kilikaa kwenye uzi wa chini, kidole cha mwisho kwenye uzi wa juu, na nyama ya shahada ikagusa uzi wa katikati ili usilie. Akiuachia kidogo tu, ulilia vibaya, naye akaanza upya.

Alasiri moja tulikuwa tukipura mbaazi kwa fimbo. Mjomba akaketi juu ya gunia, akaupiga wimbo bila haraka, bila madoido. Fimbo ya nyanya ikasimama. Alisikiliza hadi mwisho, kisha mjomba aliporudia akaanza kuimba, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hakuonekana kuimba peke yake. Walipomaliza alijipangusa uso.

"Huyo wa chini ni baba yako," akasema. "Alikuwa anaimba hivyo. Ingiza hiyo gitaa kwa nyumba, huko panya itakula."

Nyanya hayupo tena, na vidole vya mjomba vimekakamaa. Siku hizi Kola kila nyumba ina televisheni yake, na sala ya jioni ni ya mtu na moyo wake. Nikiupiga wimbo ule kwangu, sauti zote mbili hutoka safi, ya chini na ya juu. Wa kuimba nazo ndiye sina.