Sare Iliyotunyima Kombe

Leo nimejichefua mwenyewe.

Timu yetu ya chesi ya Tengeru imekosa kombe kwa nusu pointi. Mimi, nahodha, nilitoka sare. Mwenzetu Mama Neema alishindwa mchezo wake, nami nikamgombeza mbele ya wapinzani wetu, wachezaji wa Elerai.

Nyumbani nikaupitia mchezo wangu. Kila upande ulibakiwa na mfalme na ngome. Mimi nilikuwa na askari mmoja zaidi. Mara tatu ningeweza kumzibia mfalme wa mpinzani wangu njia, askari apite, tushinde. Mara tatu nikamtishia mfalme bure. Uvivu mtupu wa kufikiri!

Nikampigia simu Mama Neema kumwomba radhi, nikamweleza na zile mara tatu.

"Shikamoo, Mwalimu. Si mara tatu, ni nne. Nilizihesabu nikiwa nyuma yako. Uliponigombeza nilinyamaza tu."

Nimehakiki. Ni nne.

Semeni wenyewe: nahodha awe nani?