Mbuzi Watatu Niliowaandika

Mimi ndiye niliyeandika. Wengine katika kamati ya kijiji walikaa, wakaitikia kwa vichwa, wakanywa chai ya rangi, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Naanza hapo makusudi, kwa sababu kila ninapoisimulia habari hii huwa nina mtindo wa kuanza na ukame, na ukame hunipa mahali pa kujificha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, upande wa Yatta, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Matuu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi, mwalimu asiye na cheti, anayelipwa na wazazi pale wanapoweza. Mwaka huo hawakuweza. Hata hivyo nilikuwa na kamusi nene niliyopewa zawadi shuleni, na kamusi hiyo ilinipa kichwa kikubwa. Neno nililopenda kulifundisha lilikuwa "rich". Nililiandika katikati ya ubao, halafu nikalizungushia maana zake: mtu mwenye mali, udongo wenye rutuba, mchuzi wenye mafuta mengi, sauti nzito ya mwimbaji wa kwaya, rangi iliyokolea ya kitambaa. Watoto wenyewe walikuwa wamekuja bila hata uji tumboni, na mimi nilikuwa nawaeleza utajiri wa mchuzi. Wakati ule sikuona aibu.

Mvua ilitunyima misimu miwili mfululizo. Ndipo akaja afisa wa shirika moja na fomu za mwolyo, ndivyo tunavyoita chakula cha msaada. Fomu zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo kamati ikanichagua karani bila kupiga kura. Kila nyumba ilitakiwa kuingizwa katika kimojawapo cha visanduku vitatu, na kisanduku cha kwanza kilikuwa na neno langu lile lile, "rich". Nyumba iliyoingia humo haikupata mahindi. Kipimo chao kilikuwa rahisi: mbuzi watatu au zaidi, wewe ni tajiri.

Tulikutana Jumanne katika darasa langu, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Tulizungumza Kiswahili kwa ajili ya mgeni. Nikasimama kuwaeleza maana ya neno lile, na badala ya kusema tu kipimo cha mbuzi, nikatoa somo zima, kuanzia mali hadi rangi ya kitambaa. Nilikuwa najionyesha kwa afisa, huo ndio ukweli.

Mstari wa mbele alikaa jirani yetu, rafiki wa mama tangu wote wawili walipoolewa. Alikuwa kiongozi wa mwethya, kile kikundi cha akina mama waliochimba matuta ya shamba hili leo na la pili kesho. Mdomo wake haukuwa na breki.

"Mwalimu," akasema, "hiyo kitabu yako iko na udongo, iko na sauti, iko mpaka na supu. Mtu mwenye wajukuu haiko?"

Darasa zima likacheka. Afisa naye akacheka. Nilisikia masikio yakiwaka moto. Leo najua alikuwa ananitania kama mtoto wake, maana alinibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Siku ile nilijiambia tu kwamba mama huyu hajasoma na ananiaibisha mbele ya mgeni.

Zamu yake ilipofika nikamuuliza kwa sauti kavu, mbele ya wote, ana mbuzi wangapi.

"Niko na mbuzi tatu," akasema.

Mbuzi wale niliwajua. Kijiji kizima kiliwajua. Walikuwa wa ntheo, mbuzi watatu ambao upande wa mume huwapeleka kwa wazazi wa msichana ili ndoa itambuliwe. Kwetu Wakamba mnaweza kukaa pamoja na kuzaa watoto, lakini mbuzi hao wasipofika, mwanamke bado ni wa kwao. Mwanawe, aliyekuwa akifanya kibarua Athi River, alikuwa ameleta mke nyumbani miaka minne iliyopita na walikuwa na binti mmoja mdogo. Wakwe walikuwa wameahidiwa mbuzi mwezi wa nane. Kwa hiyo wale watatu hawakuwa wake tena. Asingeweza kuwachinja wala kuwauza, alikuwa anawachunga tu mpaka siku ifike.

Lakini angelisemaje hilo darasani? Mkaza mwanawe alikuwa ameketi nyuma yake na mtoto mapajani. Kusema "hawa si wangu, ni wa ntheo" kungekuwa kumtangazia yule dada, mbele ya mgeni na majirani, kwamba bado hajaolewa. Kwa hiyo akajibu alichoulizwa na kufunga mdomo, yeye ambaye hakuwahi kuufunga. Akanitazama. Nikainamisha macho kwenye karatasi nikatia alama katika kisanduku cha kwanza.

Sikukosea kwa kutojua. Nilijua, na mkono wangu ukaandika.

Jioni mama yangu aliniuliza nimemwandika wapi rafiki yake. Nilipomwambia, aliweka mwiko chini.

"Wewe ulizaliwa wapi?" akasema. "Mtu anaulizwa njaa mbele ya watu? Ungezunguka nyuma, ukae jikoni kwake, uanze na habari ya kuku. Angekuambia yote. Enda saa hii."

Ndivyo ilivyo desturi, na hakuna mtoto wa kwetu asiyeijua. Ukimuuliza mtu hadharani kama anataabika, atakuambia hana shida yoyote, hata kama jiko lake halijawashwa tangu jana. Unamwendea jioni, unaketi karibu na moto, na ukweli unatoka polepole.

Nikamjibu mama kwamba fomu zimeshakwenda Nairobi. Ulikuwa uongo. Afisa alikuwa amepanga chumba Matuu mpaka Ijumaa, na alikuwa ameniambia wazi kwamba nikiona kosa nimpelekee. Saa mbili za kutembea, basi. Kila asubuhi niliamka nikijiambia nitakwenda, na kila asubuhi nilikumbuka kile kicheko cha darasani, nikapata kazi nyingine ya kufanya. Alhamisi nilikutana na jirani yetu njiani akitoka mtoni na mtungi. Nilimwamkia vizuri, nikapita upesi. Ijumaa afisa akaondoka.

Mahindi yalikuja baada ya wiki tatu. Majina yalisomwa, la mama yangu likiwamo, maana sisi tulikuwa na mbuzi wawili. Jirani yetu alisimama kwenye foleni na gunia lake tupu mpaka jina la mwisho, kisha akalikunja vizuri, akaliweka chini ya kwapa na kwenda zake. Hakuuliza mtu. Mama alimpelekea mahindi yetu kidogo, na ya kwetu yenyewe hayakutosha. Nilipokuwa nikila muthokoi, mahindi yale yaliyokobolewa, nilimsikia jirani ng'ambo ya ua akitwanga kinuni, nikajifariji kwamba anacho. Mama ndiye aliyeniambia alikuwa anatwanga makapi, yale maganda yaliyobaki tangu mavuno ya mwisho, ili mjukuu wake na mama yake wapate uji.

Mwezi wa saba aliwaswaga mbuzi wale hadi soko la Matuu. Aliwauza watatu wote, akarudi na magunia ya mahindi. Kwa bei za ukame, yalikuwa machache mno kwa mbuzi watatu.

Mwezi wa nane wakwe walingoja. Wa tisa walituma ujumbe. Wa kumi walikuja ndugu wawili wa yule dada, watu wapole, wakaketi, wakanywa maji, wakaeleza kwamba baba yao amesema inatosha. Wao pia ukame ulikuwa umewakamua, na walikuwa wamesikia mbuzi wao wameuzwa sokoni. Mume hakuwepo, kibarua chake kilikuwa kimekwisha na hakujulikana alikuwa wapi. Dada yule alifunga nguo zake katika leso mbili. Mtoto alibebwa mgongoni kwa mjomba, akipunga mkono, akidhani wanakwenda kutembea na watarudi. Bibi yake alisimama kwenye matuta, akampungia na yeye, mpaka wakashuka bondeni. Nilikuwa kwenye mlango wa jiko letu. Nilirudi ndani nikakaa chini sakafuni.

Hawakurudi. Dada yule aliolewa Kinanie na mtu mwingine, na mtoto akakulia huko.

Mimi nilipata chuo, nikapata kazi ya ofisini, na sasa ninakaa Syokimau katika nyumba ya vigae yenye geti. Watu wa nyumbani wakinitembelea huniita tajiri, nami hubadilisha mazungumzo haraka. Kwa miaka mingi nilimpelekea yule mama sukari, leso, blanketi. Alipokea vyote kwa shukrani iliyonikata maini. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenishika mkono kaburini, akaniita mwanangu.

Baada ya mazishi nilimfuata nyumbani kwake. Nilizunguka nyuma, nikaketi jikoni. Sikuanza na kuku wala na chochote. Nilimwambia yote: kisanduku, kicheko, uongo wangu kwamba fomu zimekwenda, afisa aliyekuwa Matuu mpaka Ijumaa. Nililia kabla sijamaliza. Yeye alisogeza kuni, akapuliza moto, akangoja ninyamaze.

"Mimi najua tangu hiyo siku," akasema. "Kusoma sijui, lakini nilikuona ukiandika bila kuniangalia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu, hata kwa mama yangu, hata kwa kunitukana.

"Ningesema nini, na watu walikuwa wamejaa? Nilikaa hapa nikakungoja. Jumanne jioni nikawasha moto mapema, nikakuwekea kiti. Jumatano pia. Alhamisi ukanisalimia pale njia ya mtoni, nikasema basi, leo anakuja."

Akakipangusa kiti kilichokuwa kati yetu kwa kiganja, japo hakikuwa na vumbi.

"Mpaka usiku nikakuwekea," akasema. "Wewe hukuja."